Kila Tangazo la Fedha Lina Historia Yake: Masomo kwa Wananchi wa Mara

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Tangu mwaka 2021 Wizara ya Fedha, kwa kushirikiana na wadau wa sekta ya fedha, imekuwa ikiadhimisha Wiki ya Huduma za Fedha Kitaifa. Maadhimisho ya kwanza yalifanyika katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Yaliyofuata yalifanyika Mwanza mwaka 2022, Arusha mwaka 2023 na Mbeya mwaka 2024. Katika mabanda ya maonesho hayo mwananchi hukutana ana kwa ana na wataalamu wa Benki Kuu ya Tanzania (BoT), Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA), mifuko ya hifadhi ya jamii na benki za biashara, akauliza alitakalo bila kulazimika kufungua akaunti wala kununua chochote.

Kwa mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama, kituo cha karibu zaidi kati ya hivyo kilikuwa Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini Musoma. Si mvuvi wa dagaa wala mkulima wa pamba anayeweza kuacha kazi yake kwa urahisi kwenda kutazama mabanda. Walio wengi hupata elimu ya fedha kwa njia nyingine: tangazo la redioni, karatasi iliyobandikwa ofisi ya kata, ujumbe mfupi wa simu.

Shida ya tangazo ni kwamba hutoa maelekezo na mara nyingi halina nafasi ya kutoa sababu. Noti fulani zitakoma kutumika tarehe fulani. Hakikisha anayekukopesha ana leseni. Amana zenye bima ni hadi kiwango fulani. Msomaji akikutana na maneno hayo pasipo maelezo huweza kudhani ni urasimu tu wa maofisini. Ukweli ni kwamba karibu kila kanuni ya fedha inayotangazwa leo ilizaliwa na hasara iliyokwisha kuwapata watu wa nchi hii au majirani zao. Makala hii inaeleza baadhi ya matangazo hayo kwa kurudi kwenye hasara zilizoyazaa, na sehemu kubwa ya historia hiyo inaweza kusimuliwa hapa hapa Mara.

Noti iliyokoma na ahadi iliyoandikwa juu yake

Tuanze na tangazo lililozungumzwa sana vijijini. BoT iliwataka wananchi kubadilisha noti za zamani za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Zoezi hilo lilianza tarehe 6 Januari, 2025 na kumalizika tarehe 5 Aprili, 2025, katika ofisi za BoT na benki za biashara. Baada ya hapo noti hizo si fedha halali tena. Hiyo noti ya shilingi 500 wengi wanaikumbuka: ilichakaa upesi mno kwa kupita mikono mingi sokoni na kwenye daladala, ndiyo maana mwaka 2014 ikaletwa sarafu ya shilingi 500 kuchukua nafasi yake.

Mzee aliyehifadhi noti kwenye kopo chini ya uvungu na kusikia habari hizo akiwa amechelewa ana haki ya kusikitika. Lakini ili kuelewa kwa nini tangazo hutolewa mapema, tena lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho, ni vyema kukumbuka wakati ambapo watu wa nchi hii walipoteza fedha za karatasi pasipo tangazo la kuwaokoa.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia nchi hii ilikuwa koloni la Ujerumani, na fedha yake ilikuwa rupia. Manowari za Uingereza zilipofunga njia ya bahari, noti na sarafu kutoka Ulaya zikakatika. Kuanzia mwaka 1915 utawala wa Kijerumani ukaanza kuchapisha noti za muda humu humu nchini kwa karatasi iliyopatikana. Mwaka 1917 zikatolewa hata noti za rupia moja zilizopigwa kwa mihuri ya mpira, wakati jeshi likirudi nyuma kuelekea kusini. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zilifuliwa sarafu za shaba na pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke, Iramba.

Mwisho wa sarafu na noti hizo haukufanana. Sarafu ya tembo inatafutwa hadi leo na wakusanyaji wa sarafu duniani, kwa sababu dhahabu ni dhahabu hata serikali iliyoifua ikianguka. Noti za muda zilikuwa ahadi tu ya mtawala, na mtawala alipoondoka ahadi ikaondoka naye. Mpagazi, fundi au mkulima aliyelipwa kwa noti hizo akabaki na karatasi ambayo utawala mpya wa Kiingereza haukuihesabu kuwa fedha. Wachimbaji wadogo wa Buhemba na Kiabakari, wilayani Butiama, pengine wataelewa tofauti hiyo upesi kuliko wasomi wengi.

Noti yoyote ya karatasi, basi, ni ahadi. Tangazo la kubadilisha noti ni njia ya mtoa ahadi kuitimiza kabla ya kuifuta: lete ya zamani, chukua mpya ya thamani ile ile. Ndivyo ilivyofanyika pia baada ya uhuru. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919 na kuongozwa kutoka London, iliendelea kutumika sambamba na shilingi mpya ya Tanzania tangu mwaka 1966 kwa kipindi fulani kabla ya kukoma kuwa fedha halali. Watu walipewa muda, na walibadilishiwa shilingi moja kwa moja.

Aliyeifungua rasmi Benki Kuu ya Tanzania, tarehe 14 Juni, 1966, alikuwa mtoto wa Butiama, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Gavana wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, na noti za mwanzo zilikuwa za shilingi 5, 10, 20 na 100. Wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na shilingi 7 na senti 14. Leo inazidi shilingi 2,000. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna somo la pili, ambalo halihusu noti kufutwa bali noti kubaki halali huku ikiyeyuka.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi ilipigwa na mambo kadhaa kwa mfululizo: kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na kushuka kwa mapato ya mazao. Serikali na mashirika yake yalitumia zaidi ya yalivyozalisha, na pengo likazibwa kwa mikopo ya benki. Fedha zikaongezeka mikononi huku bidhaa zikipungua madukani. Walioishi wakati huo wanazikumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga. Kulikuwa na mabishano makali juu ya dawa ya kutumia. Mtei mwenyewe, akiwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu mwaka 1979 kutokana na tofauti kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Makubaliano na shirika hilo yalifikiwa mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi.

Katika miaka hiyo ya 1980 mfumuko wa bei ulikuwa wastani wa takribani asilimia 30 kwa mwaka. Tuchukue mkulima wa pamba wa Bunda aliyeuza mavuno, akafungia shilingi 10,000 sandukuni na kuzitoa baada ya miaka mitatu. Noti zake zote zilikuwepo, hakuna mwizi aliyeingia, lakini zilinunua bidhaa ambazo siku ya kuzifungia zingenunuliwa kwa shilingi 4,550 hivi. Kwa mfumuko wa asilimia 3, kiwango kinachokaribia hali ya miaka hii ya karibuni, fedha hiyo hiyo ingebaki na uwezo wa kununua wa takribani shilingi 9,150.

Hapo ndipo tangazo jingine linapopata maana yake, nalo ni lile la Kamati ya Sera ya Fedha ambalo wasikilizaji wengi huliruka. Tangu Januari 2024 BoT hutangaza kila robo mwaka kiwango cha Riba ya Benki Kuu. Kilianza kwa asilimia 5.5. Benki za biashara hukitazama kiwango hicho zinapokopeshana, na hatimaye huathiri gharama ya mikopo na wingi wa fedha katika uchumi. Lengo ni kuuweka mfumuko wa bei kati ya asilimia 3 na 5. Mkulima asiye na akaunti benki naye anahusika, kwa kuwa sanduku lake halina ulinzi mwingine.

Zizi, benki na bima

Kabla ya benki kufika Mara, benki ilikuwa zizi. Kwa Wakurya, Wazanaki na jirani zao ng'ombe alikuwa akiba, mahari, dhamana ya deni na heshima kwa pamoja. Miaka ya mwanzo ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuua sehemu kubwa mno ya ng'ombe. Familia zilizokuwa tajiri zikawa hazina kitu kwa msimu mmoja. Wanauchumi wa leo wangesema akiba yote ilikuwa imewekwa katika aina moja ya mali. Wazee hawakuhitaji msamiati huo, maana walioweza walikuwa tayari wamewasambaza ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki wa mbali ili janga la kijiji kimoja lisimalize zizi zima. Sotoka ilikuwa kubwa kuliko hata busara hiyo.

Benki nazo zina sotoka yake. Azimio la Arusha lilipotangazwa tarehe 5 Februari, 1967, benki binafsi za biashara zilitaifishwa siku moja baadaye na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikaundwa. Haki ya historia ni kusema pande zote mbili. NBC ilipeleka matawi wilayani ambako benki za kigeni, zilizojikita miji mikubwa na mashambani kwa walowezi, hazikuwa na hamu ya kufika. Lakini pia ilitakiwa kuyakopesha mashirika ya umma na mamlaka za mazao hata pale uwezo wao wa kulipa ulipotia shaka. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za serikali, kisha sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Katika kubomoa na kujenga huko madeni yalibaki vitabuni huku aliyekopa akiwa hayupo tena, au akiwa na jina jipya.

Musoma inalo jengo linalosimulia habari hiyo bila maneno. Kiwanda cha nguo cha MUTEX kilijengwa ili pamba ya Mara isokotwe na kufumwa hapa hapa badala ya kusafirishwa ikiwa ghafi. Wazo lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi. Kama viwanda vingi vya wakati wake, kilisimama na baadaye kikabinafsishwa. Mashirika ya aina hiyo yaliposhindwa kurejesha mikopo, hasara haikuishia benki. Hazina ilibeba mzigo, maana yake aliyeulipa ni mwananchi yule yule kupitia kodi na kupitia bei zilizopanda.

Sheria ya mwaka 1991 ilifungua mlango kwa benki binafsi, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa. Mtandao mkubwa wa matawi ya wilayani ukarithiwa na NMB. Anayelalamika leo kwamba afisa mikopo anadai vielelezo vingi mno, hati, mdhamini na taarifa za miamala, anakutana na kumbukumbu ya miaka ile ambapo mkopo ulitolewa kwa barua ya maelekezo. Hii haina maana kwamba kila sharti la benki ni la haki. Masharti mengine bado yanamfungia nje mkulima mwenye uwezo wa kulipa asiye na hati miliki, na mjadala huo haujaisha.

Ushindani ulileta huduma bora, ukaleta pia uwezekano wa benki kuanguka. Mwaka 1995 Meridien BIAO iliporomoka, tatizo likiwa limeanzia kwa kampuni mama nje ya nchi. Mwaka 1999 tawi la Greenland Bank hapa nchini lilifuata kuanguka kwa benki mama nchini Uganda. Tarehe 4 Januari, 2018 BoT ilifuta leseni za benki tano kwa mpigo kutokana na upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa benki ya ushirika ya wakulima wa Kagera, ng'ambo ya pili ya ziwa letu.

Nini kiliwapata waliokuwa na fedha zao humo? Hapa ndipo Bodi ya Bima ya Amana inapoingia. Mfuko wake ulianzishwa mwaka 1994, na benki ndizo zinazouchangia. Mwenye akaunti halipi kitu wala hajazi fomu ya kujiunga. Benki ikifungwa, kila mwenye amana hulipwa na mfuko hadi kiwango cha juu kilichowekwa. Waliokuwa na akaunti katika benki zilizofungwa mwaka 2018 walilindwa hadi shilingi milioni 1.5. Mwaka 2023 kiwango hicho kilipandishwa hadi shilingi milioni 7.5. Mwenye amana ya shilingi milioni 5 leo angelipwa yote. Mwenye milioni 10 angelipwa milioni 7.5 kwanza, na sehemu iliyobaki ingetegemea kitakachopatikana mfilisi akishauza mali za benki na kukusanya madeni yake, jambo linaloweza kuchukua miaka.

Kuna jambo moja ambalo wananchi wengi hulikosea. Bima hiyo ni ya amana zilizo katika benki na taasisi za fedha zenye leseni. Fedha iliyo kwenye sanduku la kikundi chenye kufuli tatu haimo. Akiba iliyo SACCOS haimo. Hilo si sababu ya kuvikimbia vyama hivyo, ambavyo vimewasomeshea wengi watoto. Ni sababu ya kukaa kwenye mkutano mkuu hadi taarifa ya mweka hazina imalizike kusomwa.

Upatu wa wazee na upatu wa matapeli

Neno upatu limeleta mkanganyiko mkubwa, kwa kuwa hutumika kwa mambo mawili yasiyo na undugu.

Wanawake kumi wanaouza dagaa wakikubaliana kila mmoja atoe shilingi 10,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja wao achukue shilingi 100,000, huo ni upatu wa asili, ambao wengine huuita mchezo au kibati. Idadi ya wanachama inajulikana, mwisho wake unajulikana, na hakuna aliyeahidiwa zaidi ya alichochangia. Baada ya wiki kumi kila mmoja ametoa laki moja na kupata laki moja. Faida yake ni kwamba laki iliyokusanyika kwa pamoja hununua kapi la nyavu au kulipa ada, kitu ambacho elfu kumi kumi haziwezi.

Upatu haramu huahidi zaidi ya kilichochangwa, na ziada hiyo haitoki kwenye biashara yoyote. Hutoka mfukoni mwa anayeingia baada yako. Hesabu yake ni rahisi, na inafaa kufanywa kwa kidole kwenye mchanga. Tuseme mtu mmoja mjini Musoma anaanzisha mchezo ambao kila anayeingia lazima alete watu watano. Duru ya kwanza wanaingia watu 5, ya pili 25, ya tatu 125, ya nne 625. Hadi hapo mambo ni mazuri, na waliotangulia wanaonesha pikipiki mpya kanisani na msikitini. Duru ya sita inahitaji watu 15,625. Duru ya nane inahitaji 390,625. Duru ya tisa inahitaji 1,953,125, na jumla ya wote tangu mwanzo inakuwa 2,441,406. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabu Mkoa mzima wa Mara, pamoja na watoto wachanga, ukapata watu 2,372,015. Mchezo umewamaliza watu wa mkoa kabla duru ya tisa haijatimia, na walio wengi zaidi ni wale wa duru za mwisho, ambao hawajapata hata senti.

Tanzania ililiona hilo waziwazi kupitia DECI. Wanachama waliambiwa wanapanda mbegu, na kwamba siku ya mavuno itafika. Lugha ya shamba na ya imani ilifanya kazi ambayo hesabu isingeweza. Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009, baadhi ya wanachama waliikasirikia Serikali, si waliochukua fedha zao, wakiamini wamezuiwa kuvuna siku chache kabla ya mavuno. Viongozi wake walifikishwa mahakamani na kutiwa hatiani mwaka 2013. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 171A, inaufanya upatu wa namna hiyo kuwa kosa la jinai. Tangu wakati huo mchezo umehamia kwenye simu: umebadilisha jina, umejiita uwekezaji au kazi ya kubofya matangazo mtandaoni, lakini bado unadai ulete watu.

Hasara ya pili katika eneo hili inawauma zaidi walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo. Ni mikopo ambayo umma wenyewe umeipa jina la kausha damu. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa wiki. Asilimia 20 husikika kama benki, na benki husikika kama usalama. Lakini ni kwa wiki. Baada ya wiki nne riba peke yake ni shilingi 80,000, na laki yenyewe haijapungua. Mwongozo wa BoT kwa watoa huduma ndogo za fedha unaweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki hiyo hiyo ni shilingi 3,500 mwezi wa kwanza, na hupungua kadiri deni linavyolipwa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Novemba 2019, iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki ndogo zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, na hapa ndipo wakopeshaji wengi wa mitaani na wa programu za simu wanapotakiwa kuwa na leseni. La tatu ni SACCOS, zinazosimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. La nne ni vikundi vya kijamii, vikiwemo vikoba, ambavyo husajiliwa kupitia halmashauri. Novemba 2024 BoT ilitoa orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Nyingi za aina hiyo humtaka mkopaji aruhusu programu isome majina yote yaliyo kwenye simu yake, na siku ya kuchelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha huenda kwa wakwe, kwa mwajiri na kwa wanafunzi wake.

Swali la haki hapa ni hili: aende wapi mtu aliyeugukiwa na mtoto usiku wa manane, wakati benki inahitaji wiki mbili na hati? Si kila swali limepata jibu, na haitakuwa uungwana kusema kwamba elimu peke yake inatosha. Kwa shughuli za biashara, hata hivyo, ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake upitiwe, baada ya kubainika kuwa fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine vilikuwa hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Anayetaka kujua kama mkopeshaji wake ana leseni hahitaji kusubiri maonesho yajayo. Orodha ya wenye leseni huwekwa katika tovuti ya BoT na huhuishwa mara kwa mara, na tawi la benki hiyo lililo karibu na Mkoa wa Mara liko jijini Mwanza. Jina la kulitafuta katika orodha ni la kampuni iliyoandikwa kwenye mkataba, si jina la biashara lililochorwa ukutani. Kama mkataba haupo, au upo lakini nakala yake imebaki kwa mkopeshaji, iombwe kabla ya sahihi kuwekwa.